Tusingoje hodi ya tatu kuwasaidia wanaotaka uuguzi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Sisi walimu tumeifanya methali hiyo kuwa rungu. Mwanafunzi akianguka mtihani, twamwuliza mbona hakuuliza alipokwama. Akinyamaza, twamtwanga kwa methali, kisha twaenda zetu tukiwa tumeridhika kwamba kosa lilikuwa lake. Nami nilikuwa mmoja wa walimu hao kwa miaka mingi, nikifundisha Biolojia katika shule za upili hapa nchini. Ilinibidi nivuke bahari, nikafanye kazi ya kuwapa masomo ya ziada wanafunzi waliotaka kuwa wauguzi, ndipo nikatambua kwamba methali ile ina upande wa pili tusioutaja. Mkunga mwema humpa mzazi faragha kwanza, kisha ndipo humwambia asifiche. Je, sisi twawapa wanafunzi wetu faragha hiyo?

Kazi yenyewe niliifanya katika chuo kimoja cha jamii nchini Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya si haba. Pengine si wasomaji wote wanaojua vyuo hivi ni vya aina gani, kwa hivyo nitaeleza kwa ufupi. Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili, kilicho karibu na makazi ya watu na chenye karo nafuu kuliko ya chuo kikuu. Cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois. Leo viko takriban elfu moja, na karibu kila aliyemaliza shule ya upili huruhusiwa kuingia, awe kijana wa miaka kumi na minane au mama wa watoto wanne.

Uuguzi uliingia humo baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kabla ya hapo wauguzi wengi wa Marekani walifundishwa hospitalini kwa miaka mitatu, wakisoma huku wakitumikishwa. Mwaka 1951 mwanamke mmoja msomi, Mildred Montag, alipendekeza kwamba muuguzi aweza kuandaliwa kwa miaka miwili katika chuo cha jamii, na mwaka 1952 pendekezo hilo likaanza kujaribiwa katika vyuo vichache. Mbegu hiyo ikamea. Hivi leo anayehitimu uuguzi katika chuo cha miaka miwili huketi mtihani ule ule wa leseni, NCLEX, anaoketi mwenye shahada ya miaka minne. Mbali na uuguzi, vyuo hivi hufundisha pia fani nyingine za afya, mathalani upigaji picha za eksirei, tiba ya upumuaji, usafi wa meno na kazi za maabara. Si ajabu basi kwamba Wakenya wengi waliohamia huko hushika njia hiyo: huanza kwa cheti kifupi cha kuwahudumia wagonjwa na wazee, kisha mchana huingia chuoni ilhali usiku wako kazini.

Lakini hapa pana jambo la kuzingatia. Mlango wa chuo ni mpana. Mlango wa uuguzi ni mwembamba. Kati ya milango hiyo miwili pana ukumbi mrefu, na ni katika ukumbi huo wengi hupotelea. Kabla ya kukubaliwa katika uuguzi, mwanafunzi hutakiwa kwanza kufaulu masomo ya msingi: anatomia na fiziolojia, ambayo kwa kawaida hugawanywa sehemu mbili, mikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia, na mara nyingi takwimu au kemia. Vyuo vingi huongeza mtihani wa kujiunga. Mmojawapo ni ule uitwao TEAS, ambao toleo lake la mwaka 2022 lina maswali 170 ya kujibiwa kwa dakika 209, katika kusoma, hesabu, sayansi na lugha. Fauka ya hayo, vyuo vingi huweka kikomo cha mara ambazo mtu aweza kurudia somo la sayansi. Akianguka tena baada ya hapo, mlango wa uuguzi wa chuo hicho hufungwa, hata kama ana moyo wa huruma kuliko wote waliokubaliwa.

Chumba changu cha masomo ya ziada kilikuwa katika ukumbi huo. Kilikuwa na meza sita, ubao, mifupa ya plastiki, na mlango uliokuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni. Juu ya mlango palikuwa na maandishi ya kuwakaribisha wote. Msaada ulikuwa wa bure. Nilidhani hayo yatosha.

Jioni moja ya majira ya baridi alisimama mlangoni mwanamke aliyevaa sare ya kazi chini ya koti zito. Nilimtambua mara moja kuwa ni mtu wa kwetu. Nilikuwa nimezungukwa na vijana watano waliokuwa wakibishana kuhusu figo. Nikamwashiria kiti kwa mkono, nikaendelea na figo. Nilipogeuka tena, hakuwapo. Nilisema moyoni kwamba atarudi.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana katika mchango wa mazishi ambao Wakenya wa mji ule waliufanya. Alikuja kunisalimu kwa adabu, akaniita mwalimu, ingawa sikuwa nimemfundisha hata siku moja. Nikamwuliza masomo yaendeleaje. Akaniambia kwamba ameanguka anatomia na fiziolojia mara ya pili, na kwamba chuo chetu hakimruhusu kurudia tena. Ilimbidi atafute chuo kingine, safari ya saa nzima kwa gari, aanze upya. Nikafanya kile nilichozoea kufanya. Nikamwuliza: "Dada, mbona hukuja kuniona?"

Akatazama chini, akasema, "Mwalimu, nilikuja mara tatu. Niliona una kazi."

Mara tatu! Kwa desturi yetu ya uswahilini, mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hugeuka akaenda zake pasipo kununa. Dada huyu aliishika desturi hiyo sawasawa. Mimi ndiye niliyeisahau sehemu yangu, kwani mwenyeji akimwona mgeni mlangoni hasubiri hata hodi ya kwanza, husema karibu. Tangu utotoni aliambiwa kwamba mtoto mwema hamkatizi mkubwa akiwa na shughuli. Heshima ile ile iliyomfanya apendwe na wazee aliokuwa akiwatunza usiku ndiyo iliyomwangusha mchana.

Nilirudi chumbani mwangu nikiwa na aibu, nikaanza kujiuliza ni nini hasa kinachowaangusha watu hawa. Kwamba hawana akili? La hasha! Mtu anayeweza kutambua kwa kumtazama mzee usoni kwamba hali yake imebadilika tangu jana, hawezi kuitwa mjinga. Baada ya kuketi na wengi wao niliona kwamba vizingiti ni vitatu, na kila kimoja chaweza kuondolewa mapema, hata huku kwetu, mwanafunzi akingali shuleni.

Kizingiti cha kwanza ni maneno. Kitabu cha anatomia kina maelfu ya istilahi zenye asili ya Kigiriki na Kilatini, na mwanafunzi hujaribu kuzikariri moja moja kana kwamba kila moja ni kisiwa. Ilhali maneno haya yameundwa kwa viungo, kama yalivyo maneno yetu ya Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili huwafunza watoto kwamba ugua huzaa uguza, na uguza huzaa muuguzi. Mtoto aliyezoea mnyambuliko huo ana ufunguo mkononi bila ya kujua. Mwambie kwamba "hepat" ni ini, "nefr" ni figo na "kardi" ni moyo. Kwamba "taki" ni haraka na "bradi" ni polepole. Kwamba "itis" mwishoni mwa neno huashiria uvimbe wenye joto na maumivu. Hapo atang'amua mwenyewe nini maana ya hepatitisi, nefritisi, takikardia na bradikardia, na kesho akikutana na neno asilopata kuliona hataogopa, atalivunja. Niliwauliza wanafunzi wangu kutoka Afrika Mashariki iwapo kuna mwalimu aliyewahi kuwaambia kwamba somo la viambishi lingewafaa katika sayansi. Hakuna hata mmoja aliyekubali.

Kizingiti cha pili ni namna ya kusoma. Wengi husoma kwa kupaka rangi. Hushika kalamu ya manjano, wakaipitisha juu ya kila mstari, na ukurasa ukishakuwa wa manjano tupu huamini wamesoma. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio lililonisaidia sana. Kikundi kimoja kilisoma makala tena na tena. Kingine kilisoma, kisha kikafunga karatasi na kujaribu kuandika kilichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vyema zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mtihani, kama tujuavyo, haufanywi baada ya dakika tano.

Kwa hivyo niliwaomba wanafunzi wafunge vitabu, wachore njia ya damu kwa kichwa: kutoka mwilini hadi upande wa kulia wa moyo, kutoka hapo hadi mapafuni, kutoka mapafuni hadi upande wa kushoto, na kutoka huko hadi mwili mzima kupitia mshipa mkuu. Mchoro ukishakamilika, nilikuwa nikiuliza swali moja tu. Je, upande wa kushoto wa moyo ukichoka, maji yatajaa wapi kwanza? Aliyekariri majina hunyamaza. Aliyeelewa njia hufuata damu nyumanyuma kwa kidole mpaka afike mapafuni, na mara humkumbuka mzee anayemtunza ambaye hawezi kulala bila mito mitatu kwa kukosa pumzi akilala chali. Niliuona uso wa mwanafunzi mmoja ukibadilika kwa swali hilo. Kwa miaka miwili alikuwa akimpangia mzee mito bila kujua sababu.

Kizingiti cha tatu ni hesabu, na hapa hatuzungumzii hesabu za kutisha. Daktari ameagiza miligramu 250 za dawa ya maji. Chupa ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Mgonjwa apewe mililita ngapi? Kumi. Lita moja ya maji ya dripu ipite kwa saa nane, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone mangapi kwa dakika? Ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani takriban 42. Mtoto ana uzito wa pauni 44. Ni kilo ngapi? Ishirini. Hizi ni hesabu za uwiano zinazofundishwa kabla ya kidato cha pili. Lakini mwanafunzi ambaye kwa miaka kumi ameambiwa kwamba hesabu si zake, huziona na kutokwa jasho.

Na si jasho la mtihani tu. Nukta ikihama nafasi moja, dozi huzidi mara kumi. Ndiyo sababu wauguzi hufunzwa kuandika sifuri kabla ya nukta, 0.5 wala si .5, na kutoandika sifuri isiyohitajika baada yake, 1 wala si 1.0, ili nukta ikififia karatasini mtu asisome tano badala ya nusu, au kumi badala ya moja. Mwalimu wa Hesabu anayedhani kwamba somo la desimali ni la kupita mtihani pekee, na akumbuke kwamba siku moja desimali hiyo itakuwa ndani ya sindano.

Je, msaada utolewe vipi? Wamarekani wenyewe wamelisumbukia swali hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa nini wanafunzi weusi waliokuwa hodari shuleni walikuwa wakianguka hesabu za mwaka wa kwanza. Aliona kwamba walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walisoma pia kwa vikundi, wakisahihishana na kuulizana. Treisman hakuwafungulia hao wa kwanza darasa la wadhaifu. Aliwaalika katika vikundi vya maswali magumu, kama watu wanaotarajiwa kufanya vyema, nao wakafanya vyema. Katika jimbo la Washington nako, vyuo vya jamii vilianzisha katika miaka ya 2000 mpango wa walimu wawili katika darasa moja: mmoja wa taaluma, kama vile uuguzi msaidizi, na mwingine wa lugha na hesabu. Mwanafunzi haambiwi aende kwanza akajifunze Kiingereza kwa miaka miwili ndipo arudi. Msaada humfuata pale pale kazi ilipo.

Nami nilianza kuondoka chumbani mwangu. Nilimwomba mwalimu wa anatomia aniruhusu kuketi katika maabara yake mara mbili kwa juma, nyuma kabisa, pamoja na wale wasiopenda kuonekana. Tukakubaliana naye atoe jaribio dogo katika juma la pili badala ya kungoja mtihani wa juma la sita, na kila aliyepata alama za chini nilimwendea mwenyewe, tena kando, nikamtajia siku, saa na majina ya wenzake watatu watakaosoma pamoja. Sikumwuliza kama anataka msaada, kwa maana ukimwuliza mtu mwenye haya iwapo ana njaa, atakwambia ameshiba. Kwa waliofanya kazi zamu ya usiku tulitenga saa moja ya asubuhi, kabla hawajaenda kulala. Si wote waliofaulu. Wengine walilemewa na karo, wengine na watoto, wengine na usingizi. Lakini sikumwona tena mtu akisimama mlangoni na kuondoka.

Na yule dada? Aliendelea katika kile chuo cha mbali. Tulikuwa tukizungumza kwa simu kila Jumapili jioni, yeye akinieleza somo la juma bila kutazama kitabu, nami nikiuliza. Alipita sehemu ya kwanza, kisha ya pili. Nilipofunga virago kurudi nyumbani alikuwa bado anangoja jibu la maombi yake ya uuguzi. Hakunilaumu hata mara moja kwa ule mwaka alioupoteza. Ningependa angenilaumu.

Nimeyaleta haya kwenu, walimu wenzangu, kwa kuwa ukumbi huo mrefu hauko Marekani pekee. Hapa kwetu, tangu serikali ya kikoloni ilipoanza mwaka 1927 mafunzo ambayo leo yamekuwa Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, vijana wengi wa nchi hii wameitazama sare ya muuguzi kama ukombozi wa familia nzima. Anayetaka stashahada ya uuguzi hutazamwa Biolojia yake, lugha yake, iwe Kiswahili au Kiingereza, na sayansi nyingine au Hesabu. Vizingiti ni vile vile vitatu: maneno, kusoma na hesabu. Tofauti ni kwamba sisi tunaye mtoto huyo kwa miaka kadhaa kabla hajafika ukumbini, tena hafanyi kazi usiku wala hana watoto wa kulea.

Basi mwalimu wa Kiswahili na ashirikiane na wa Biolojia, wavunje istilahi pamoja darasani hata kwa dakika kumi kwa juma. Mwalimu wa Hesabu na alete chupa ya dawa ya kikohozi badala ya maembe na machungwa ya kila siku, awaulize watoto kijiko kimoja kina miligramu ngapi. Mwalimu wa zamu na aunde vikundi vya watu wanne, hodari na wazito wakichanganywa, bila kumtangaza yeyote kuwa mzito. Na jaribio la kwanza la muhula litolewe mapema, si kwa ajili ya kupanga nafasi na kuzibandika ukutani, bali ili mwalimu ajue ni nani wa kumwendea.

Nanyi wanafunzi, msidhani nimewaondolea wajibu. Kuuliza si ujinga, na heshima ya kweli haimzuii mtu kusema, "Mwalimu, hapa sijaelewa." Kama kinywa ni kizito, andika swali lako kwenye karatasi, uliache mezani pa mwalimu. Usisome kwa kupaka rangi. Funga kitabu uchore. Usiseme hesabu si zako, kwa maana mgonjwa atakayelala mbele yako hatakuuliza kama unazipenda.

Lakini wajibu mkubwa ungali wetu sisi wenye vyumba na chaki. Kesho asubuhi, mwalimu mwenzangu, utakapoingia darasani, mtazame yule anayeketi nyuma karibu na dirisha, asiyeinua mkono wala kufanya fujo. Huenda amekwisha kupiga hodi mara mbili.